Bosi Alisema Mwaka

Duka letu la vipodozi pale Kariakoo halikuwa na bango la dawa ya kung'arisha meno. Bango nilikuwa mimi. Mteja akisitasita, bosi wangu, mama wa makamo kutoka Lindi, aliniita: "Njoo mwanangu, cheka wakuone." Nami nacheka.

Nimezaliwa upande wa Kilimanjaro, kwenye maji yanayopaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Watu wa mjini wanajua tulikotoka kabla hatujasalimiana. Ile dawa unaipaka mwenyewe nyumbani, na kweli iliyafifisha madoa. Bosi alikuwa na picha yangu ya zamani kwenye simu, akiwaonyesha watu, kisha ananinyooshea kidole.

Swali lao lilikuwa moja: inakaa muda gani? Bosi alinifundisha niseme mwaka. Mwaka gani! Ukiwa mtu wa chai ya rangi, mwezi hauishi madoa yamesharudi. Ili uongo usiumbuke, nilipaka na kurudia kupaka chumbani kwangu Buguruni. Chai niliacha. Maji ya baridi yalinichoma mpaka kichwani, na joto la Dar unalijua. Nilifika mahali nikawachukia hata watu wenye utani mzuri, maana kila nikicheka upepo uliniuma menoni.

Ndipo mama akaja mjini kununua vitu vya harusi ya mdogo wangu. Nilimkalisha kwenye stuli ndani ya duka. Akanitazama, akachukua boksi moja, akasema, "Na mimi nataka ning'ae siku ya harusi. Inakaa muda gani?"

Bosi alikuwa nyuma yangu, na mbele ya kaunta alisimama mteja mmoja, dada aliyeshika boksi kama lile. Fizi za mama zinatoka damu hata kwa mswaki laini. Nikamjibu kwa Kichaga: rudisha, hiyo inauma, mwezi tu imeisha, fizi zako hazitaiweza. Nikajiona mjanja. Kariakoo hii, ambako kila mlango wa tatu una mtu wa kwetu, mimi naficha siri kwa Kichaga!

Yule dada aliangua kicheko. Akaweka boksi lake mezani.

"Amesema nini?" bosi akauliza.

Yule dada akamtafsiria yote, halafu akaondoka zake.

Nilingoja kufukuzwa, na sitaficha, nilitamani nifukuzwe. Bosi hakugomba. Alimwagizia mama soda, akawa anamwita "dada yangu", wakaongea habari za harusi. Tulipofunga duka akanivuta pembeni. "Mzazi ni mzazi, nimekuelewa. Ila wateja usiwaambie." Akanitazama mdomoni. "Huku kushoto madoa yameanza kurudi. Kapake leo." Akanitilia boksi jipya kwenye mkoba.

Njiani nilimweleza mama kila kitu: maumivu, chai, kucheka kwa kuamriwa. Nilitaka aseme neno moja tu, acha. Angelisema, kesho yake nisingerudi. Alitembea tu, kitenge cha harusi kikiwa kwapani. Kilinunuliwa kwa mshahara wangu, kama vilivyonunuliwa vingine vyote, na yeye alijua.

Chumbani mwangu taa ilikuwa hafifu. Nilipotoa ile dawa, mama aliwasha tochi ya simu yake, akasogea karibu na kunimulikia mdomoni.

"Fungua vizuri," akasema.