Maziwa Yaliyoitwa na Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Mama Chakachaka kwa sababu ya cherehani yake ya kukanyaga, ambayo ikinyamaza majirani hutoka kuuliza nani anaumwa. Alikuwa fundi hodari mwenye mdomo usio na likizo, na alipojifungua binti yake alijaliwa maziwa mpaka yakawa kero. Mtoto ameshiba, amecheua, amelala, na bado blauzi ya mama inalowa mbele ya mteja anayepimwa kiuno.

"Unamwaga mali, wifi," dada wa mumewe alimwambia siku moja. Huyo wifi alifanya usafi hospitali, kwenye wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. "Kule tuna kitoto tunakiita Ngumi, maana ndiyo saizi yake. Mama yake maziwa yamekataa kutoka. Ya kopo yanamvimbisha tumbo. Na friji ya maziwa ya kuchangiwa imebaki na barafu tu."

Mama Chakachaka aliweka mkasi chini, akafunga duka.

Hospitali wakampima damu, wakamuuliza dawa anazotumia, majibu yakatoka safi. Nesi akampeleka kwenye chumba chenye kiti laini na pazia, akamfunga pampu kifuani, akamwambia atulie. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akatulia, hakuna kitu. Akanywa maji, akakandwa mgongo, akafumba macho akamfikiria binti yake, wapi. Maziwa yaliyokuwa yakimwaibisha mbele za watu sasa yamegoma kama punda.

"Njoo kesho, mama," nesi alisema kwa upole. "Hutokea."

Lakini mlangoni alikuwa amesimama mama yake Ngumi, binti mdogo tu, amekumbatia kikombe kitupu. Uchungu wa mwana haukuhitaji mkalimani pale. Mama Chakachaka akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kesho ya nani, alijiuliza. Kisha akakumbuka kwamba binti yake hajawahi kunyonya kwenye ukimya hata siku moja. Hunyonya akiwa amefungwa kifuani, mama yuko kazini.

"Sista, hapa mna cherehani?"

Nesi alidhani kiti laini kimemlevya. "Ya nini?"

"Ya kukamulia."

Ilikuwepo moja, kuukuu, kwenye chumba cha mashuka karibu na dobi. Mama Chakachaka akavua viatu, akakaa na pampu yake, akaanza kukanyaga bila hata uzi. Chaka, chaka, chaka. Likatoka tone, likafuata la pili, kisha ikawa mvua. Nesi alishika chupa kwa mikono miwili.

"Basi nileteeni shuka lililochanika," Mama Chakachaka akasema. "Nikikanyaga bure nitaonekana kichaa."

Maziwa yale yakapashwa moto kuua vijidudu, yakapozwa, akapewa Ngumi kwa mpira mwembamba, kiasi kisichofika kijiko kimoja. Tumbo halikuvimba. Mimi nimeona watu wakivishwa medali kwa mambo madogo kuliko hilo.

Tangu hapo akawa anapitia hospitali kabla ya kufungua duka, na hakuna shuka la wodi ile lililobaki na tundu. Ngumi akaanza kutanuka mashavu. Mama yake naye akaja kukaa kando ya cherehani juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja kinachoshonwa, maana kila mtu wodini alikuwa anamshauri ale nini ili maziwa yatoke, na ushauri ulikuwa umemchosha. Mama Chakachaka hakumshauri. Alimpa umbea wa wateja: yule bwana anayeapa kwamba suruali zake zinasinyaa kabatini, na mkewe anayemwitikia kwa heshima.

Asubuhi moja binti yule alicheka mpaka akashika mbavu, na cherehani ikanyamaza.

"Mbona umesimama, dada?"

"Jitazame kifuani, mdogo wangu."

Gauni lilikuwa limelowa. Akaligusa, akanusa vidole, akatazama juu kama anatafuta bomba linalovuja. Kisha akaelewa, akalia kwa sauti. Mama Chakachaka akampa chupa safi, akaanza tena kukanyaga.