Siku Mabaunsa Walipovua Barakoa kwa Mzee Pyo

Ushawahi kuona watu wanaokuvunjia vioo vya duka wakitengeneza nywele mbele yako ili wapendeze?

Mimi nimeona. Euljiro, Seoul, kwenye kichochoro chetu cha mafundi vyuma, nje ya duka la kamera kuukuu la mzee Pyo Man-sik.

Nasimulia kwa sababu kuna watoto wa juzi wanakunywa kahawa pale siku hizi, wanadhani lile ghorofa lililosimama palipokuwa na maduka yetu liliota lenyewe kama uyoga. Mimi sisahau.

Mzee Pyo alikuwa na mdomo mchafu kuliko choo cha stesheni. Duka limejaa kamera za tangu enzi za vita, kila moja kaifungua na kuifunga kwa mikono yake. Ukiuliza, "Mzee, hii inatoa picha nzuri?" anakujibu, "Kamera haina shida. Shida hiyo sura."

Kuna mtoto wa kishua alitaka kamera ya kuning'iniza shingoni tu.

"Masonara wako mtaa wa pili," mzee akamwambia. "Kanunue mkufu."

Basi, kampuni moja ya ujenzi ikautaka mtaa mzima. Sisi wapangaji, mimi nikiwa kiongozi, tukagoma: hatutoki mpaka mtupe pa kwenda.

Wakatuletea mabaunsa. Kofia nyeusi, barakoa nyeusi. Wanavunja vioo, wanamwaga supu ya Mama Ham wa mgahawani, wanayeyuka. Ukiinua simu uwapige picha, simu inasagwa chini ya buti.

Tukaenda mahakamani. Kampuni ikaapa: hao wahuni hatuwajui.

Wakili wetu, Tak, akanivuta pembeni. "Dada Gye-hwa, tusipoonyesha kuwa ni watu wao, tumekwisha. Watabomoa, na nyinyi mtabaki barabarani."

Mimi shule niliikimbia mapema, sheria ya upangaji nimejifundisha mwenyewe huku nachonga boliti. Lakini ushahidi hauchongwi.

Hukumu bado, watu wa kampuni wakaja asubuhi moja kusherehekea kuanza kazi. Na kichwa cha nguruwe.

Kwetu huanzi kazi kubwa bila kumwinamia nguruwe. Kichwa kinachotabasamu mezani, pombe ya mchele pembeni, na kila atakayeshika kazi anasujudu ili nuksi isimpate. Usiposujudu, nondo ikikuangukia usilalamike. Wengi watakwambia hawaamini. Kukosa, hakosi mtu.

Kwa hiyo hata mabaunsa walipanga foleni. Mbele kabisa Mkurugenzi Ok wa kampuni, suti ya bluu. Pale mezani mwenye sura ya utu alikuwa nguruwe peke yake.

Ibada ikiisha, lazima picha ya pamoja. Karani akatoa simu.

Mara mzee Pyo huyo, anatoka dukani kakumbatia likamera la mbao na stendi yake ya miguu mitatu.

"Mkurugenzi! Shughuli nzito hivi mnaipiga kwa simu, kama bakuli la tambi?"

"Mzee, si nyinyi mnaotupinga?"

"Mimi nimechoka. Acha kamera yangu ifanye kazi moja ya heshima kabla hamjaifukia."

Damu ikanipanda. "Msaliti wewe! Unawaremba wanaokubomolea? Huna haya, zee zima!"

Mama Ham akapiga upawa kwenye sufuria. "Supu yangu usiiguse tena maisha!"

"Nyamazeni huko, mnanitikisia stendi," mzee akajibu bila kugeuka.

Mkurugenzi alifurahi utadhani kavishwa taji. Mabaunsa wakaanza kujichomoa kimyakimya.

"Mnakwenda wapi?" mzee akawadaka. "Asiyemo kwenye picha hayumo kwenye baraka. Warefu nyuma! Wewe, vua kofia. Na hiyo barakoa. Mama yako atajuaje kama una kazi?"

Wakatazamana.

"Vueni basi, msimcheleweshe mzee!" Mkurugenzi akabweka.

Wakavua. Mmoja akalamba kiganja, akalaza nywele. Mkurugenzi akamkumbatia kiongozi wao begani. Nyuma yao bango, jina la kampuni herufi kubwa.

"Tabasamuni. Mwigeni nguruwe."

Kacha!

Siku ya kesi, Mkurugenzi akasimama akaapa tena: "Mheshimiwa, hao watu sijawahi kuwaona."

Tak akakunjua picha ile ya mzee Pyo, kubwa kama mlango. Imekaa kali, unahesabu hadi chunusi. Wapangaji tukaanza kuwanyooshea vidole, maana macho na buti zao tulishazikariri: huyu alivunja kwangu, huyu alisaga simu yangu.

Hakimu akavaa miwani. "Na huyu uliyemkumbatia, ni shemeji yako?"

Mkurugenzi akageuka kumtafuta wakili wake.

Ubomoaji ukasimamishwa mpaka kila mpangaji apewe duka kwingine. Mzee Pyo alipewa chumba kisicho na dirisha, akakitukana mpaka alipofariki.

Lakini siku ile nilimbana pale pale nje ya mahakama. "Mzee, kwa nini hukuniambia? Mimi si ndiye kiongozi?"

Akaniangalia kama anayekagua lenzi iliyoota ukungu.

"Mkurugenzi aliniamini kwa sababu ya matusi yako. Ningekwambia, ungeigiza. Na kuigiza, Gye-hwa, hujui kabisa."

Nikamwomba radhi. Jambo la nadra hilo.

Nyinyi mnaopambana na wakubwa, shikeni hili. Mwonevu ukimkimbiza na kamera atajificha. Wewe mrembe, mwambie hii ni historia, mpange mstari wa mbele. Atavua barakoa mwenyewe, na atakuuliza kama nywele zimekaa sawa.