Mume Wangu Anachagua Modemu

Nilizaliwa Kampemba, hapa Lubumbashi, katika ukoo wa watu wa reli, na kwetu kitu kipya kinanunuliwa cha zamani kikishakufa kabisa. Mume wangu ni mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, anauza mchele na mafuta kwa jumla. Kwao kitu hakinunuliwi mpaka kwanza kihojiwe kama mwizi.

Kwa hiyo kampuni ya intaneti ilipotangaza kwamba itaongeza kasi kwenye waya ulioingia nyumbani kwetu, na kwamba wenye modemu za zamani hawataionja kasi hiyo, nilijua nimekwisha.

Ilikuwa mwaka ule vita vilipoingia Goma. Benki zilifungwa, ndege ziliacha kutua, na mama mkwe wangu alikuwa huko, peke yake, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mume wangu alitaka jambo moja tu duniani: mama afunge nyumba, aje Lubumbashi kukaa nasi. Kila Jumapili tukitoka kanisani alimpigia simu ya video kumsihi. Kila Jumapili mama alijibu yale yale.

"Zima picha, mutoto wangu. Réseau yenu iko mubaya, sauti itakatika."

Na kweli, mtandao wetu ulikuwa mbaya. Mama tulimpata vipande vipande, Jumapili hii pua, Jumapili ijayo sikio, kisha tunazima. Mume wangu akaapa kwamba akipata modemu ya maana atamtazama mama yake machoni, na hapo mama atashindwa kukataa.

Tukaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji, dada mmoja mwenye subira ya ajabu, alimwuliza kampuni imemwahidi kasi gani. Mume wangu aliinyanyua modemu ya kwanza kwa mkono mmoja, akaipima kama anavyopima mfuko wa mchele anaoushuku, akairudisha mezani.

"Hii iko mwepesi sana. Ndani hamuna kitu."

"Papa, modem haiko kitu ya kupima kilo," dada akasema kwa upole.

"Nani alikuambia? Camion ya muzuri iko na uzito. Ile ya mwepesi inaanguka mu njia."

Modemu na lori! Nilicheka mpaka ikabidi nitoke nje. Tulirudi pale mara nyingine, na nyingine tena. Aliuliza vipuri vyake vinapatikana wapi. Aliuliza kama itakubali betri ya lori, kwa maana umeme wa kwetu una tabia za mgeni: unakuja bila taarifa na kuondoka bila kuaga. Hilo lilikuwa swali la akili, siwezi kumnyima haki yake. Nyumbani nikimharakisha aliniambia haraka haraka haina baraka, nami nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni langu.

Cha ajabu, aliyeipinga modemu kuliko wote ni mama mkwe mwenyewe. "Ya nini kutupa makuta, feza ya muzuri?" alisema kutoka Goma. "Ile ya zamani inatosha." Tulicheka sana. Nikamtania mwanawe kwamba sasa najua ubahili wake aliunyonya wapi.

Mwishowe akanunua, bila shaka, ile nzito kuliko zote, nyeusi, yenye antena sita. Dada wa dukani aliniambia kando kwamba, kwa bahati tu, ndiyo pia iliyofaa kasi mpya. Sikumwambia mume wangu. Mpaka leo anauamini mkono wake.

Jumapili ya kwanza baada ya kasi kuongezwa, alipiga simu. Mama akapokea, akaanza tena habari ya kuzima picha.

"Hapana, mama. Leo iko bien. Nakuona yote."

Tulimwona kweli, uso mzima, amekonda. Na nyuma yake tukaona sebule. Magodoro yalikuwa yamepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanamke mmoja alikuwa anachambua maharage sakafuni, watoto wamelala kwenye makochi, na katika kiti cha marehemu baba mkwe alikaa mzee tusiyemjua, mguu wake umefungwa bendeji.

"Mama, bale ni banani?"

Mama aligeuka kuwatazama, kama mtu anayehakikisha bado wapo.

"Ni batu. Balitoka ku camp ya bakimbizi wakati ya mabomu, nikafungua mulango. Sikukuambia, juu ungesema nibafukuze nikuje. Sasa nikifunga hii nyumba, mutoto wangu, bale nitabaweka wapi?"

Mume wangu alikuwa anamtazama yule mzee katika kiti cha baba yake, na machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. Nilimhurumia sana, na nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu. Sote wawili tulikuwa tumeshaelewa kwamba mama hatakuja.

Mama hakumbembeleza. Alingoja tu. Na mume wangu, ambaye sijapata kumwona akikubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, akapangusa uso kwa kiganja.

"Basi bakia, mama," akasema. "Bakia nabo."