Kofia Chini ya Kuku

Juzi, kwenye soko la Kasuku, nilimwona mwendesha pikipiki amebeba mayai ndani ya kofia yake, nikasikia tena harufu ya rangi.

Nilipokuwa mtoto, wakati wa vita, mjomba alitutumia kutoka Ulaya vipande vya plastiki vya kofia ya kuchezea, ya wale watu wa kwenye nyota wa sinema. Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa, aliviunganisha kwa gundi, tukaipaka rangi ya fedha uani. Ilifanana na kofia ya askari, kitu cha kumfanya mtu achukuliwe asirudi, lakini hilo sikulijua. Niliposikia buti za askari mlangoni nikafurahi: watazamaji wamefika!

Mama aliinyakua, akaigeuza, akahamishia mle mayai ya kuku wetu aliyekuwa akiatamia, akamkalisha juu yake. Mikono yake yenye rangi mbichi akaizamisha ndani ya beseni la unga wa muhogo. Nikamchukia kwa kutuharibia kofia.

“Mama, iko nini pale?” askari aliuliza.

“Ni kuku tu, chefu. Iko nalalia mayai.”

Akamtazama kuku. Nilifungua mdomo nimwambie ni kofia yetu, Yaya akanikanyaga.

Askari alipoondoka, nilingoja kofi. Mama hakuitoa mikono ungani. Beseni lilikuwa likitetemeka, nami nikadhani anachekecha unga.