Makofi Matatu Ukumbini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivua viatu mlangoni. Sakafu ya lile jumba iling'aa mpaka nikadhani imemwagiwa maji. Karani Mkuu, Mgoa mwembamba aliyeongea na watu huku akitazama saa yake, alinikagua kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu.

"Umekuja kuoga?"

"Nimekuja kazini, bwana."

"Basi vaa. Kuteleza utateleza tu, hata ukiwa na viatu."

Saa nne haikufika kabla sijateleza, nikaanguka mbele ya mabibi wawili wa Kizungu waliokuja kupanga maua. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ubawabu katika jumba la mikutano hapa Nakuru, miaka ile ya hamsini. Jina la jumba silitaji, maana waliolisimamia wana wajukuu, na wajukuu siku hizi wana mawakili.

Ninyi vijana mnaopiga picha kwenye ngazi zake mnaona mawe na nguzo tu. Sisi tulilijua jumba kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Mbele kulikuwa na nguzo sita za mawe yaliyochongwa kwa mkono. Ndani ndiko kulikokuwa na ukumbi wenyewe, wenye jukwaa la mbao za mwerezi kutoka Mau, roshani ya kukalia wakubwa, na dari lililopinda kama kiganja kinachokinga mvua. Dari lile halikupindwa kwa urembo. Lilipindwa ili sauti ya mwimbaji ifike nyuma bila kupotea njiani. Hilo nililijua baadaye, na nililijua vibaya.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vumbi. Kiangazi upepo ulipotoka ziwani ulibeba vumbi jeupe la magadi, likaingia hadi kwenye vitufe vya piano. Tulilifuta kwa kitambaa kikavu, kamwe si kibichi, maana magadi yakishika maji yanakula mbao. Sakafu tuliipaka nta, kisha tukajifunga ngozi za kondoo miguuni na kuteleza juu yake toka ukuta hadi ukuta. Mke wangu, Mama Wairimu, alikuja kunitazama siku moja kupitia dirishani, akacheka wiki nzima. Kwake mume alikuwa ameajiriwa kucheza dansi peke yake.

Nilikuwa na elimu ya sekondari, jambo nililolitaja kila nilipopata nafasi na hata nilipokosa. Kwa sababu hiyo nilipewa kazi ya pili, ya kuwatembeza wageni. Mzungu aliingia kwa mlango wa mbele na hakuandikwa popote. Mhindi aliandikwa jina. Mwafrika aliingia Jumatano mchana tu, akiwa na barua ya mkubwa wake, na ilinibidi niandike kitabuni kila alichofanya tangu aingie hadi atoke.

Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Sisi Wakikuyu wa mjini tuliishi kwa pasi, kile kibali cha kukaa mjini. Ukinyang'anywa pasi ulipakiwa kwenye lori na familia yako, mkapelekwa msikokujua. Kila mtu alimshuku mwenzake. Karani Mkuu alishuku kwamba naiba nta. Mimi nilimshuku mfagiaji kwa sababu alikuwa anatabasamu sana. Mfagiaji, nadhani, alinishuku kwa sababu sikutabasamu.

Msimamizi wa Jumba, mwanajeshi mstaafu mwenye shamba kule Njoro, alinipa maagizo kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Wewe andika yote. Nani tazama nini, nani hesabu nini. Mimi hapana taka fikiri yako. Mimi nataka macho yako."

"Ndiyo, bwana."

"Na hapana uliza mtu maneno. Wewe uliza, yeye danganya."

Kusema kweli, agizo hilo lilinifaa. Siku zile ukimuuliza mtu jambo akakujibu, basi umeshajua, na aliyejua ndiye aliyeitwa kwanza. Nilikuwa mtu wa nyumbani mimi. Nilitaka kumaliza kazi, nirudi kwa mke wangu, nile githeri yangu ya mahindi na maharagwe na nilale na pasi chini ya mto.

Jumatano moja akaja mtu mrefu mwenye koti la kaki lililoshonwa viraka kwenye viwiko. Barua yake ilisema tu kwamba aruhusiwe kuona jumba. Nikaanza hotuba yangu ya nguzo na mwerezi. Hakunisikiliza. Alihesabu milango kwa kidole, nikamwona. Akapanda jukwaani akalipima kwa hatua, toka pazia kuja mbele, midomo ikichezacheza. Kisha akasimama, akapiga kofi moja.

Akatulia, kichwa kimeinama, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Akasogea. Kofi la pili. Akasogea tena, hatua saba toka pazia, akapiga la tatu, na hapo akakaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Nilitazama madirishani nione ni nani anayepewa ishara. Yeye naye alinitazama, akautazama mtungo wangu wa funguo, akafunga mdomo. Alijua mwenye funguo ndiye mwenye kitabu.

"Ahsante, mzee," akasema. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

"Karibu tena," nikasema, nikitumaini hatakaribia.

Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Amehesabu milango. Amepima jukwaa kwa hatua. Amepiga makofi mara tatu mahali patatu na kusikiliza. Sikuandika uongo hata neno moja. Nasema hivyo hadi leo, na hadi leo hainisaidii.

Ijumaa jioni nilikuta Mama Wairimu amekaa mlangoni, hajapika.

"Mwalimu Ezra amechukuliwa," akasema. "Leo asubuhi, mbele ya darasa. Watoto wamelia mpaka shule ikafungwa."

"Mwalimu Ezra ni nani?"

"Wa kwaya ya misheni! Si nilikwambia wanaimba kesho kwenu huko? Baba Wairimu, wewe nikikuambia kitu huwa unakipeleka wapi?"

"Mrefu? Koti la kaki?"

"Huyo huyo. Yule anayepiga makofi kila jengo analoingia, asikie linavyojibu. Hata kwenye mazishi ya kina Njoroge alipiga kanisani kabla jeneza halijaingia." Kisha akanitazama usoni, na kicheko chake cha kawaida hakikuja. "Umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele, na ningependelea apige.

"Basi kesho utakwenda useme," akasema.

"Nikisema namjua, wataniuliza nimemjuaje. Watachukua pasi. Wewe na mtoto mtakwenda wapi?"

"Kama ni lori, tutapanda. Lakini mke wa yule mtu tunakaa benchi moja kanisani. Mimi Jumapili nitakaa wapi?"

Jumamosi asubuhi nilimkuta Msimamizi jukwaani akikagua viti. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya sekondari, yote yakanitoka.

"Bwana, yule mtu wa makofi. Ni mwalimu wa kuimba. Alikuwa anasikiliza mwangwi."

"Nani ambia wewe?"

"Mke wangu."

"Kwa nini hapana andika?"

"Ulisema hutaki nifikiri, bwana."

Akawa mwekundu. Nikaona lori likija, na godoro letu juu yake. Nikasema haraka, "Bwana, piga kofi moja tu. Hapo ulipo. Kisha sogea kidogo upige tena."

Alinitazama kama ng'ombe aliyeanza kuongea. Lakini alikuwa mtu wa kupenda muziki, huyo. Ndiye aliyeinunulia piano kitambaa chake cha kuifunika. Akapiga. Akasogea, akapiga tena. Mara ya kwanza sauti ilikwenda ikafia huko. Mara ya pili ilirudi nzima. Akapiga makofi pale jukwaani kama mtoto aliyegundua mikono, mpaka Karani Mkuu akachungulia mlangoni, akatazama saa yake, akaondoka.

Msimamizi alikwenda kwenye simu. Alirudi akasema, "Jumatatu toa yeye." Kisha, bila kunitazama, "Na wewe, mwezi ya mbele, kwenda soko. Kwa hesabu ya kabichi." Pasi hakuigusa.

Saa tisa alasiri kwaya iliingia bila mwalimu wake. Akina mama walivaa mavazi meupe na macho mekundu. Kiongozi wao wa sauti ya pili akaniuliza, "Tusimame wapi? Mwalimu hakutuambia."

Nilifurahi ajabu. Hilo nililijua! Niliwapeleka hatua saba toka pazia, pale alipokaa muda mrefu. Mimi nikasimama kando ya pazia, na nilichosikia kilikuwa kama mbingu imefunguliwa. Nyuma kabisa watu walikohoa na kusogeza viti. Nikadhani ni vumbi.

Wiki mbili baadaye, Jumatano, Mwalimu Ezra alirudi na barua. Alikuwa amekonda, na alitembea akiliburuta goti la kushoto. Sikumuuliza habari za goti. Nilimfungulia mlango, na hotuba ya nguzo sikuitoa.

"Walisimama wapi?" akauliza.

Nikampeleka, nikakanyaga mahali penyewe kwa fahari. Alisimama pale akatazama dari.

"Hapa?"

"Hapa hasa, Mwalimu. Nilikuona ulivyopapenda."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Hapa ndipo pabaya kuliko kote. Sauti inapanda juu haishuki. Nilikaa muda mrefu nikijaribu kuelewa kwa nini." Akarudi nyuma hatua tatu. "Ningewaweka hapa."

Tulipofika mlangoni akanigeukia.

"Walinisomea kitabu chako kule. Mara nyingi. Una jicho zuri, ndugu yangu, hukukosea hata hatua moja." Akavaa kofia. "Ila hukuniuliza."

Nilihesabu kabichi sokoni miaka minne, nikahamishiwa ofisi ya maji, kisha nikarudishwa jumbani wakati mabwana walikuwa wengine. Nilistaafia hapo. Kila aliyekuja kuona ukumbi nilimuuliza mlangoni: unatafuta nini, nikusaidie? Wengi walikasirika. Wengine walidhani natafuta rushwa. Mmoja aliyejibu alikuwa amekuja kulia tu, nikamwonyesha roshani na nikafunga mlango wa chini.

Sasa nakaa nyumbani, kazi niliyoitaka tangu mwanzo. Wajukuu wangu wanasema mtu hawezi hata kupita uani bila babu kumhoji, eti nimefungua kituo cha polisi. Waache waseme. Juzi kijana mgeni alisimama langoni kwetu muda mrefu akiitazama nyumba, na mkono wangu ulishakwenda mfukoni kuitafuta kalamu. Nikaurudisha, nikanyanyuka na bakora yangu, nikaenda langoni kumuuliza.