Chupa ya Mume Wangu Imeanza Kuganda

Admin, jina langu usiweke, huku Litein tunajuana sana. Nina miaka thelathini na nne, mimi ni Mkipsigis, niliolewa na Mjaluo niliyekutana naye kazini kwenye maabara. Kazi yetu ilikuwa kupima utomvu wa mpira, ule mweupe kama maziwa, tuone utakaa stoo muda gani kabla haujaganda. Kawaida hutiwa amonia. Mume wangu akaipunguza, akaongeza maji ya majani chai. Tulimcheka, wueh! Yeye akafunga chupa yake akasema, "Chekeni tu."

Mwaka jana mto ulifurika akivuka kwenda kwao. Pikipiki ilipatikana. Yeye hajapatikana mpaka leo.

Kwa Wajaluo, mtu akipotea hivyo wanazika tunda la mti wa yago badala ya mwili. Shemeji zangu walishalitafuta. Mama mkwe, ambaye mwanawe alishamsimulia habari za ile chupa, ndiye alikataa. Aliniuliza, akiniita binti wa Kericho kwa Kijaluo, "Nyar Kericho, ile kitu alichanganya na mkono yake imeganda?"

"Bado, Mama."

"Basi mtoto wangu hamtamzika. Siku itaganda, wewe ndiye utaniambia."

Tangu hapo ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Nikimwambia bado, anafurahi, anakula.

Sasa kuna hii mashine ya sumaku. Unaingiza chupa bila kuifungua, inasikiliza vile maji yanatembea ndani ya utomvu. Chembe za mpira zikianza kushikana, inajua mapema kuliko macho. Wiki jana niliingiza chupa yake. Imeanza. Nikarudia, nikazima mashine nikawasha, ni yale yale. Nililia mpaka bosi akadhani amonia imeniingia machoni.

Na ukiitazama, aki ni maziwa tu. Ukiitikisa inacheza. Nikiwa peke yangu pale namsikia nyuma yangu akikohoa vile alikuwa anakohoa, nageuka, hakuna mtu. Naogopa ile chumba jameni, na bado nafika kazini mapema nikae nayo.

Jumapili Mama alipiga, nikasema bado. Shemeji wananiambia ndugu yao anahangaika huko majini kwa sababu hajazikwa, na mimi nawaamini.

Jumapili ingine inakuja. Nikisema ukweli, mimi ndiye nitakuwa nimemuua mtoto wa watu kwa simu, na mimi mwenyewe nitakuwa mjane, neno ambalo sijawahi kulitamka. Nyinyi ambao wenu hawakupatikana, mama yake mlimwambiaje?