Siku Bi Tatu Hakuichukua Kofia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, na kuliko hata siku niliyomzika baba. Nilikuwa nimepiga magoti darasani, ugenini Usumbura, napangusa damu yangu mwenyewe kwenye benchi kwa pindo la shati jipya alilonishonea baba. Watoto wenzangu walikuwa wananitazama. Niliona midomo yao inacheza lakini sikusikia kitu. Nilidhani wananong'ona kwa kunionea huruma. Mwalimu Leopoldi alininyooshea kidole mahali palipobaki doa, nikapangusa na pale pia.

Nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto.

Jina la mwalimu huyo nimelitaja kusudi. Watu wa hapa Tabora wananiambia, Rajabu, mambo ya zamani yafunike. Nami nawauliza, nani alinifunika mimi? Kwa hiyo nitataja na jina la pili, la mtu aliye hai, anayepita hapa sokoni na bakora yake na kuamkiwa shikamoo kila hatua. Lakini nianze tulikotoka, usije ukasema mzee huyu ana hasira tu.

Baba yangu, Mrisho, alikuwa fundi cherehani hapa mjini. Kanzu za sikukuu za nusu ya mtaa wetu zilipita mikononi mwake. Mama alikuwa Mnyamwezi wa Bukene, mtu wa maneno machache. Tulikuwa hatulali njaa. Ndipo akaja Idrisa Kitwana, binamu yake baba, aliyekuwa amehamia Usumbura, huko Urundi kwa Wabelgiji. Alikuja na koti na tarbushi nyekundu, akakaa barazani kwetu akasema, "Mrisho, huku unashona kanzu mpaka lini? Kule watu wanavaa suruali. Na mtoto huyu kule atasoma, atakuwa karani. Hapa atakuwa nini?"

Baba akaangalia mikono yake, akaniangalia mimi. Alikuwa hajui kusoma zaidi ya msahafu. Neno karani lilimwingia.

Tukafunga mizigo. Kwenye gari moshi la Kigoma baba alikuwa amefurahi kama bwana arusi. Alinionyesha pori dirishani akaniambia, "Njia hii babu yako aliikanyaga kwa miguu mpaka Ujiji, na mzigo wa mtu mwingine begani. Mimi napita nimekaa, na cherehani yangu mwenyewe." Mama alicheka. Kigoma tukapanda meli, tukafika.

Idrisa alitupa chumba katika nyumba yake, mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Chumba cha kutuelekea alikaa Bi Tatu, Mzaramo. Alimfuata mumewe askari wakati wa vita vile vya kwanza, mume akafa, yeye akabaki kule anakaanga vitumbua. Naye alikuwa mpangaji wa Idrisa, hilo uliweke akilini.

Sasa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Ninyi wa siku hizi mnaucheka utani kama mchezo wa watoto, wala hamjui ulitoka wapi. Ulitoka njiani, mababu zetu walipokuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu, wakipita katika nchi ya Wazaramo. Mtani hukutukana, huchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Kila asubuhi Bi Tatu alikuwa akimvizia baba mlangoni na kumnyakua kofia.

"Mpagazi wa babu yangu!" anapiga kelele. "Umeamka? Mzigo uko wapi?"

"Nirudishie kofia yangu, bibi kizee wa mikoko."

"Ikomboe! Babu yako alikuja kwetu na pembe mbili, akarudi Unyamwezi na kaniki moja na kikohozi."

"Na ninyi mlimuuzia maji ya bahari mkasema ni supu!"

Nyumba nzima inacheka. Baba ananunua kitumbua, anakomboa kofia yake, anakwenda kazini. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mimi ugeni ulinitoka kwa sababu ya kicheko kile.

Ikaja habari ya shule. Zilikuwa mbili karibu nasi. Moja ilikuwa chuo cha Maalimu Sefu, mtu wa Ujiji. Watoto walikaa mkekani, wakasoma Kurani asubuhi, na baadaye hesabu na kuandika kwa Kiswahili. Paa lilikuwa la nyasi, na mvua ikinyesha wanasogea pembeni. Ya pili ilikuwa shule kubwa yenye paa la bati, na madawati, na kengele. Huko ilikuwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kilikuwa hakitakiwi hata uwanjani, kwamba ni lugha ya wahuni wa Buyenzi.

Baba alimwuliza mwenyeji wake, na hapo sikumlaumu. Mgeni atamwuliza nani? Idrisa akasema, "Mrisho, umetoka Tabora kote kule kuja kumkalisha mtoto mkekani? Mkeka si uliuacha kwenu? Mpeleke kwenye bati. Mwalimu Leopoldi ni rafiki yangu, nitamwambia."

Baba akamwuliza, "Na Hamisi wako anasoma hapo?"

Hamisi alikuwa mtoto wa Idrisa, mkubwa wangu kidogo. Tulipofika hatukumkuta.

"Hamisi nimempeleka kwa wajomba zake Ujiji," Idrisa akasema. "Bibi yake anamtaka."

Basi. Baba akanunua kitambaa akanishonea shati.

Jioni, kabla sijaanza shule, Bi Tatu alikuja kwetu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda na kofia yake kichwani. Bi Tatu akapita karibu yake kabisa, akaketi mkekani karibu na mama.

"Mtani," akasema, "leo sitanii."

Baba akacheka papo hapo. Maana, mwanangu, hivyo ndivyo mtani anavyoanza mzaha wake mkubwa. Anakwambia leo sitanii, unategea sikio, anakuzika.

"Msimpeleke mtoto kwenye bati," Bi Tatu akasema. "Yule mwalimu anapiga watoto masikioni. Mimi mwenyewe nimeosha masikio ya mtoto kwa mikono hii. Mpelekeni kwa Maalimu Sefu."

"Haya, sema sasa," baba akamjibu huku anacheka. "Unataka kofia au unataka mtoto mzima umfanye mtumwa wako?"

"Mrisho."

"Wazaramo mna wivu! Mnaogopa Mnyamwezi atakuwa karani, mje mmpigie magoti."

Bi Tatu akanigusa kichwani, akatoka. Baba alicheka peke yake.

Mama akasema polepole, "Baba Rajabu, hakuichukua kofia."

"Nini?"

"Kofia unayo. Leo hakuichukua."

Baba akapapasa kichwa chake. "Amesahau," akasema. "Uzee."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Babu yangu, aliyetembea njia ile kwa miguu, angejua. Wazee wa njiani walijua kwamba mtani ana kazi mbili. Ya kwanza kukuchekesha ili uchovu ukutoke. Ya pili ni kukwambia lile ambalo ndugu yako hathubutu kukwambia, kwa maana mtani haogopi kwamba utanuna. Baba alikuwa mtu wa mjini, amezaliwa reli imeshafika. Alirithi kicheko tu.

Shuleni nilikaa wiki chache. Kirundi sikukijua, Kifaransa ndiyo kabisa. Leopoldi akiuliza, nilikuwa natazama midomo ya jirani yangu na kuigiza. Siku ile aliniuliza mimi peke yangu. Nikasimama. Nilijua ameuliza kitu, sikujua nini, na adabu niliyofundishwa kwetu ni kuitika mkubwa anaposema nawe. Nikaitika, "Naam, mwalimu."

Akaja akasimama mbele yangu. Akanipiga viganja viwili kwa pamoja, kimoja kila sikio, kama mtu anayeua mbu. Nikasikia mlio kama wa uzi ukikatika, halafu hakuna. Damu ilidondoka benchini. Mengine nimekwisha kukueleza.

Homa ilinishika. Masikio yakatoa usaha. Bi Tatu alikuja na maji ya moto na pamba bila kuitwa. Nakumbuka nimelala mapajani kwa mama, naye Bi Tatu ananisafisha, baba akaingia kutoka kazini. Alisimama mlangoni. Kisha akavua kofia yake, akaja akaiweka mapajani mwa Bi Tatu, akarudi nyuma.

Bi Tatu akaitazama ile kofia. Akaichukua, akamrudishia.

Maneno aliyosema nimeyapata kwa mama, mimi nilikuwa sisikii. Alisema, "Vaa kofia yako, Mrisho. Leo hapana." Kisha akaeleza yote, na alieleza kwa sauti ya chini kwa sababu kuta zilikuwa za Idrisa. Yule mtoto aliyemwosha masikio kabla yangu alikuwa Hamisi. Leopoldi alimpiga vilevile. Idrisa alimtoa mwanawe usiku usiku akampeleka Ujiji, na akamwambia Bi Tatu kwamba akilitoa neno hilo nje, vyombo vyake navyo vitatoka nje. Kwa hiyo Bi Tatu alisema kiasi alichoweza kusema. Alitutajia sikio, jina akaliacha.

Baba alikwenda kwa Idrisa. Idrisa akamwambia mwanao mkaidi, mwalimu ni mzazi, na ukileta fujo utaniharibia jina langu mbele ya Wabelgiji. Jina lake! Sisi tukarudi Tabora mvua za pili. Kwenye gari moshi filimbi ilipopigwa niliisikia kifuani tu, kama mtu anakugonga kwa ngumi laini.

Sikio la kushoto lilirudi kidogo. Nasikia nalo kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. La kulia lilikufa. Shule ya hapa walinipokea, wakanikalisha nyuma kwa kuwa nilikuwa mrefu, na huko nyuma nikawa naona mwalimu anatafuna hewa. Nikaacha. Herufi hizi unazozisoma nilizipata baadaye ukubwani, kwa kusumbua watu. Kazi yangu ni mizinga ya nyuki, huko porini Ntalikwa. Wenzangu wanajua nyuki wamekasirika kwa kusikia mlio wao ukibadilika. Mimi najua wakishanichoma.

Baba hakushona tena kwa raha. Alikuwa akiona mtoto anacheka anageuka kuangalia pembeni. Mpaka anakufa alikuwa akisema, "Mtani alisema."

Sasa Idrisa amerudi Tabora. Amezeeka vizuri. Anakaa barazani kwake, na vijana mnaokwenda Usumbura, na Katanga, na Rhodesia, mnakwenda kumwuliza mahali pa kufikia na shule ya kupeleka watoto. Nimewaona kwa macho. Mwaka huu nilimwendea mbele ya watu. Nikamwuliza, "Baba mdogo, kwa nini ulimwondoa Hamisi ukanipeleka mimi?" Alisimama, akanizunguka akaja upande wangu wa kulia, ule uliokufa, akaninong'oneza kitu. Watu wakatikisa vichwa, wakaona mzee amejibu kwa upole. Sijui alisema nini. Yeye alijua kwamba sitajua.

Kwa hiyo, mwanangu unayefunga mizigo uondoke na mtoto wako, nisikilize. Ukifika ugenini usiichague shule kwa paa lake wala kwa kengele yake. Nenda ukasimame nje watoto wanapotoka. Tazama kama wanakimbia au wanatembea kama wafungwa. Mwenyeji wako akikusifia shule, mwulize mtoto wake yuko wapi, na akikujibu yuko kwa wajomba, mwulize tangu lini, na kwa nini, na usione haya kuuliza mara ya pili. Mtoto asiyejua lugha ya mahali mpeleke kwanza mahali atakapoeleweka akisema naumwa. Na mtu wa mzaha akija kwako siku moja bila kunyakua kofia yako, acha kucheka. Mpe kigoda akae. Mkeo akikwambia ameona kitu, geuza kichwa ukakitazame.

Mungu akutangulie njiani, na mtoto wako akafike na arudi na kila alichozaliwa nacho, uwe ukimwita kwa nyuma ageuke. Amina.

Leopoldi sijui kama yu hai, kesi yake nimemwachia Mungu. Ya Idrisa Kitwana sijamwachia mtu. Baba mdogo, watu watakusomea haya barazani kwako. Swali langu ni lilelile, nami siku ya Ijumaa baada ya sala nitakuwa nimesimama hapo mbele yako. Safari hii njoo upande wa kushoto, na useme kwa sauti.